Kliniki ya Jina la Kukodi Dodoma: Gharama Kubwa Haiko kwenye Ada ya Kuingia

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018, wenye mitaji midogo na ya kati wamekuwa wakitafuta biashara inayofuata mishahara ya watumishi. Nyumba za kupanga zilitangulia, zikafuata hoteli na kumbi, na sasa zamu imefika kwa huduma za afya: kliniki za mazoezi ya viungo, za meno, za lishe na kupunguza uzito, za ushauri wa kisaikolojia, na zile zinazochanganya tiba ya kawaida na huduma za ustawi wa mwili. Miongoni mwa njia zinazozungumzwa ni franchaizi, yaani mwekezaji wa hapa kukodi jina, mfumo na taratibu za kampuni ambayo tayari inaendesha kliniki kwingineko, akilipa ada ya kuingia na kisha fungu la mapato ya kila mwezi. Swali la kwanza linaloulizwa huwa ni kiasi cha ada ya kuingia. Hoja yangu ni kwamba ada hiyo, pamoja na ukubwa wake, ndiyo gharama iliyo rahisi kuliko zote kuijua na kuipangia, na kwamba kinachoweza kuifilisi kliniki ya namna hii Dodoma ni asilimia ya kila mwezi inayokatwa kwenye fedha ambayo bado haijaingia mkononi.

Tuchukue mfano ambao takwimu zake ziko hadharani. The Joint ni kampuni ya Marekani yenye mtandao wa kliniki zinazotibu maumivu ya mgongo kwa kunyoosha pingili za uti wa mgongo, na kwa kuwa hisa zake huuzwa sokoni, taarifa zake za mwaka husomwa na yeyote anayetaka. Ada yake ya kuingia imekuwa dola 39,900, mrabaha wake, yaani lile fungu la kila mwezi, ni asilimia 7 ya mapato ghafi, na juu ya hapo kuna asilimia 2 ya mfuko wa matangazo. Sisemi kwamba kampuni hiyo inakuja Dodoma. Naitaja kwa sababu viwango vyake vinafanana na vya mitandao mingi ya aina hiyo, na kwa sababu mikataba inayoletwa huku mara nyingi huwa imenakiliwa kutoka kwenye masoko ya namna hiyo.

Ada ya dola 39,900 si mzigo wa kubezwa. Mwaka 2024 dola ilipanda hadi kuvuka Sh 2,700, kisha ikashuka chini ya Sh 2,500 kabla mwaka haujaisha. Kwa Sh 2,700 ada hiyo ni takribani Sh milioni 107.7; kwa Sh 2,400 ni takribani Sh milioni 95.8. Tofauti ya Sh milioni 12 inatosha kununua mashine kadhaa ndogo za maabara, na imetokana tu na siku ambayo mtu alikwenda benki. Hata hivyo ada hiyo hulipwa mara moja. Mwekezaji anaiona mapema, anaitafutia fedha, na akiona hana, anaacha bila kupoteza chochote. Gharama inayojulikana kabla ya kusaini ina nafasi ndogo ya kumuumiza mtu mwangalifu.

Baada ya ada hufuata jengo na vibali, na hapa mambo ya Dodoma yenyewe huanza kuonekana. Nyumba nyingi zinazotamaniwa kwa ajili ya kliniki, za Area C na D, Kisasa, Ilazo au Nzuguni, zimejengwa kwenye viwanja vya makazi, hivyo mwenye nyumba hana budi kuomba mabadiliko ya matumizi ya ardhi kabla huduma haijaanza, na muda wa kusubiri kibali ni muda ambao pango linalipwa bila mgonjwa kuingia. Wenye nyumba hudai pango la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mpangaji wa kibiashara naye anawajibika kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba asiyetaka kukatwa humwongezea mpangaji bei, na kodi ikamwangukia mpangaji.

Maji ni suala la pekee. Dodoma ni nchi kame, mvua yake ni ya msimu mmoja tu, na jiji limetegemea kwa miaka mingi visima vya bonde la Mzakwe, huku idadi ya watu ikipanda haraka kuliko uzalishaji wa maji. Kliniki inahitaji matangi makubwa ya akiba na pampu yake. Aidha, maji ya ardhini ya ukanda huu yana chumvi inayoganda ndani ya vyombo vya kuchemshia na mashine za kutakasia vifaa kwa mvuke, kwa hiyo kifaa cha kuchuja chumvi kinakuwa sehemu ya lazima ya mtaji. Mwongozo wa ujenzi unaotoka kwa mwenye jina aliyezoea jiji la pwani au la nchi ya baridi hautaji jambo hilo, wala hautaji vumbi la miezi ya kiangazi linaloziba vichujio vya viyoyozi. Utataja rangi ya ukuta, aina ya sakafu, kimo cha meza ya mapokezi na taa za kuagizwa nje. Naona ni haki kwa mwekezaji kudai kwamba pale mazingira yanapomlazimisha kutumia fedha kwenye maji na umeme wa akiba, masharti ya mapambo yalegezwe kwa kiwango kilekile.

Kuhusu vibali, wengi hudhani leseni ni moja. Kliniki inayochanganya tiba na huduma za ustawi iko chini ya wasimamizi wengi kwa wakati mmoja. Kituo chenyewe husajiliwa kupitia Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi iliyo chini ya Wizara ya Afya. Maabara ina bodi yake. Chumba cha dawa kiko chini ya Baraza la Famasi. Mashine ya eksirei haiwashwi bila leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Dawa na vifaa tiba vinavyoagizwa vinapitia TMDA, mamlaka inayosimamia bidhaa hizo. Na anayetoa tiba mbadala anatakiwa asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kila chombo kina ada yake, ukaguzi wake na tarehe yake ya kuhuisha. Usimamizi huu haukuja bila sababu, kwani historia yetu ya huduma binafsi za tiba ni fupi: sheria ya mwaka 1977 ilizuia tiba ya kibinafsi ya kutafuta faida, na mlango ukafunguliwa tena mwaka 1991 tu. Lakini kwa mkodi wa jina kuna hatari ya ziada. Mwenye jina anaweza kuwa ameweka kwenye mkataba orodha ya huduma na bidhaa ambazo tawi ni lazima litoe, kama vile dripu za vitamini au mashine fulani ya mwanga, na bidhaa hizo zikawa hazijasajiliwa nchini. Mkodi anabaki akilipia haki ya kuuza kitu ambacho sheria haimruhusu kukiuza.

Sasa nifike kwenye kiini. Kliniki za The Joint kule Marekani hazipokei bima. Mteja hulipa fedha yake mwenyewe, na wengi hujiunga kwa ada ya kila mwezi inayolipwa kabla ya huduma. Biashara ya namna hiyo haina wadaiwa. Shilingi ikiandikwa kwenye daftari, tayari iko benki, na asilimia 9 inayokatwa juu yake, 7 ya mrabaha na 2 ya matangazo, inakatwa kwenye fedha iliyopo. Mitandao ya masaji na ya huduma za ustawi ya nchi hiyo imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya utaratibu huohuo wa uanachama wa kulipia mapema. Asilimia hizo, pamoja na uzito wake, ziliwekwa na watu waliokuwa wakiangalia biashara yenye fedha taslimu.

Dodoma ni mji wa watumishi wa umma, na mtumishi wa umma ni mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Mchango wa asilimia 6 ya mshahara wake, nusu yake mwenyewe na nusu ya mwajiri, hukatwa kila mwezi, naye kwa haki kabisa anataka kutibiwa kwa kadi aliyoilipia. Kliniki isiyo na mkataba na NHIF katika jiji hili inajifungia nje ya sehemu kubwa ya wateja. Kliniki yenye mkataba huo inapokea mgonjwa leo, inatumia dawa leo, inalipa mishahara mwisho wa mwezi, inakusanya fomu na kuwasilisha madai, kisha inasubiri. Madai yanahakikiwa, mengine yanakatwa kwa sababu ya saini iliyokosekana, ugonjwa usiolingana na dawa iliyoandikwa, au kipimo kilichofanywa bila sababu kuelezwa. Uhakiki ni wa lazima, kwa kuwa fedha hiyo ni ya wanachama na udanganyifu umewahi kuuumiza Mfuko. Hata hivyo muda wa uhakiki una gharama, na gharama hiyo inabebwa na kliniki.

Bei nayo haipangwi na mwenye kliniki. Inapangwa kwenye kitita cha mafao, yaani orodha ya NHIF ya huduma na bei zake. Kitita kipya kilipoanza kutumika Machi 2024, baadhi ya hospitali kubwa binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa NHIF zikidai kwamba bei mpya haziendani na gharama, na mvutano huo ulionyesha wazi nani ana nguvu ya kusema bei ni kiasi gani. Mwekezaji wa franchaizi amekaa katikati ya wakubwa wawili: mmoja anampangia bei ya kuuzia, mwingine anampangia gharama za kuendeshea na fungu la kukata. Kinachobaki mikononi mwake ni idadi ya wagonjwa na uangalifu wa daftari, na wahenga walishasema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Naomba msomaji anifuate kwenye hesabu ya mfano, kwa kuwa bila tarakimu hoja hii itaonekana ya woga tu. Tuseme kliniki ya wastani imefikia mapato ya Sh milioni 40 kwa mwezi. Mishahara pamoja na michango ya NSSF, ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi (WCF) na tozo ya kuendeleza ujuzi ni Sh milioni 15. Dawa na vitendanishi, yaani kemikali za vipimo vya maabara, ni Sh milioni 11. Pango ni Sh milioni 3. Umeme, jenereta, maji, intaneti na uchomaji wa taka ni Sh milioni 2.5, ulinzi, usafi, matengenezo na bima ni Sh milioni 3. Jumla ya matumizi ni Sh milioni 34.5, na ziada ni Sh milioni 5.5. Kwa kliniki inayojitegemea hiyo ni hali nzuri.

Weka sasa asilimia 9 ya mwenye jina. Kwenye mapato ya Sh milioni 40 ni Sh milioni 3.6. Kwenye mkataba asilimia 9 inasomeka kama namba ndogo, lakini inakatwa kwenye mapato yote, haikatwi kwenye faida, na katika mfano huu inachukua karibu theluthi mbili ya ziada. Inabaki Sh milioni 1.9.

Mrabaha unaolipwa nje ya nchi unatozwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Kwa kawaida kodi hiyo ingetoka kwenye fungu la mwenye jina, lakini mikataba mingi ina kipengele kinachosema kwamba yeye apokee kiasi chake kamili, kodi zote zikiwa juu ya mkodi. Mrabaha wa asilimia 7, ambao ni Sh milioni 2.8, unageuka kuwa takribani Sh milioni 3.3, yaani asilimia 8.2 ya mapato badala ya 7. Kipengele hicho huwa na mistari miwili au mitatu katika mkataba mrefu, na kwa mwaka mmoja kina thamani ya karibu Sh milioni 6. Ziada imeshuka hadi Sh milioni 1.4.

Sasa tuseme asilimia 60 ya mapato yanatoka kwenye bima, ambayo ni Sh milioni 24 kwa mwezi, na malipo yanafika baada ya siku 60. Wakati wowote kliniki inakuwa inadai angalau Sh milioni 48. Fedha hiyo lazima itoke mahali. Ikiwa ni mkopo wa benki kwa riba inayozunguka asilimia 15 kwa mwaka, riba peke yake ni Sh 600,000 kwa mwezi. Ziada sasa ni takribani Sh 800,000. Yakija makato ya asilimia 5 tu ya madai, ambayo ni Sh milioni 1.2, kliniki iliyoonekana ina ziada ya Sh milioni 5.5 inamaliza mwezi ikiwa na upungufu wa Sh 400,000, na hapo hatujagusa marejesho ya mkopo wa ujenzi wala akiba ya kubadilisha mashine zitakapochakaa. Kliniki ileile, yenye wagonjwa walewale, bima ileile na makato yaleyale, ila isiyo na jina la kukodi, ingebaki na Sh milioni 3.7.

Ndiyo maana nasema kwamba kifungu muhimu kuliko vyote kwenye mkataba wa kliniki ya franchaizi Dodoma ni kile kinachoeleza maana ya mapato. Iwapo mapato ni kila ankara iliyoandikwa, mkodi atalipa mrabaha wa mwezi wa Machi kwa fedha itakayoingia Mei au Juni, na atalipa mrabaha hata kwa dai ambalo baadaye litakataliwa. Iwapo mapato ni fedha iliyopokelewa, mwenye jina naye anasubiri pamoja na mkodi, na anapata sababu ya kumsaidia mkodi kujaza fomu vizuri. Mwekezaji asiyefanikiwa kubadilisha kifungu hicho asisaini, hata kama ada ya kuingia imepunguzwa nusu.

Kodi ya Ongezeko la Thamani inahitaji maelezo mafupi. Huduma za tiba zimesamehewa kodi hiyo, na watu huufurahia msamaha huo bila kuona upande wake wa pili: kliniki haitozi kodi hiyo kwa mgonjwa, na kwa hiyo haiwezi kudai kurudishiwa asilimia 18 iliyolipa kwenye vifaa vya ujenzi, samani, kompyuta na huduma za wataalamu. Makadirio ya uwekezaji yanayotoka nchi nyingine hayana asilimia hiyo 18. Anayeyatumia kama yalivyo ataanza ujenzi akiwa na upungufu.

Wapo watakaosema kwamba jawabu ni kuelekea upande wa ustawi, kwenye huduma ambazo bima haizilipii na mteja hulipa taslimu: masaji, mipango ya kupunguza uzito, matunzo ya ngozi. Hoja hiyo ina nguvu kiasi, kwa kuwa inarudisha biashara kwenye utaratibu wa fedha mkononi ambao asilimia 9 ilitungiwa. Lakini soko la Dodoma kwa huduma hizo linapanda na kushuka kwa misimu. Bunge la bajeti linapokaa kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, hoteli hujaa na wenye fedha ya kutumia huonekana kila mahali. Mikutano ikiisha, na wanafunzi wa UDOM wakifunga chuo, mitaa hiyohiyo hupoa. Tangu treni ya reli ya kisasa ianze safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mtumishi ambaye familia yake iko Dar anaweza kuondoka Ijumaa jioni na kutumia fedha yake ya ustawi huko. Hesabu ya mwaka iliyotengenezwa kwa kuzidisha mapato ya Mei mara kumi na mbili ni hesabu ya hatari, na mikataba yenye kiwango cha chini cha mrabaha cha kila mwezi, ambacho hulipwa hata mapato yakiwa madogo, inaiongezea makali hatari hiyo.

Wafanyakazi ni gharama nyingine isiyoonekana kwenye makadirio. Mwenye jina hutaka wahudumu wafundishwe kwa utaratibu wake, na mara nyingi mkodi hugharamia nauli, malazi na ada ya mafunzo. Kisha TAMISEMI inatangaza ajira mpya za kada za afya. Muuguzi au mtaalamu wa maabara aliyefundishwa kwa gharama kubwa anaomba, anapata, anaondoka, na simlaumu hata kidogo, kwa sababu ajira ya Serikali ina uhakika, pensheni na nafasi ya kujiendeleza kimasomo. Kliniki inaajiri mwingine na kulipia mafunzo upya. Mkodi mwenye busara atadai haki ya kuwafundisha wapya mwenyewe hapahapa, kwa kutumia mmoja wa wafanyakazi wake aliyeidhinishwa, badala ya kusafirisha kila mpya.

Yote haya yangeweza kuvumilika iwapo jina lingeleta wagonjwa. Katika mfano wetu, mrabaha, matangazo na kodi yake ni takribani Sh milioni 4.1 kwa mwezi. Ukitoa gharama ya dawa inayoongezeka na kila mgonjwa, pamoja na mrabaha wa mapato hayo mapya, kliniki ingehitaji mapato ya ziada ya karibu Sh milioni 6.6 ili jina lijilipie lenyewe. Kwa lugha ya kawaida, penye wagonjwa sita, jina peke yake linatakiwa kuleta wa saba. Je, jina lililojengwa Nairobi, Johannesburg au Arizona lina uwezo huo Nkuhungu au Chang'ombe? Kwa mgahawa au hoteli pengine ndiyo, kwa kuwa msafiri hutafuta alichokizoea. Kwa tiba nina mashaka makubwa. Mgonjwa wa Dodoma hufuata daktari anayemjua, au hufuata taasisi iliyojijengea sifa kwa kazi. Hospitali ya Benjamin Mkapa haikuhitaji jina la kigeni ili wagonjwa waje kutoka Singida na Iringa; ilifanya upandikizaji wa figo tangu mwaka 2018, na habari zikasambaa. Mirembe inafahamika nchi nzima kwa afya ya akili tangu enzi ya ukoloni.

Kuna jambo moja ambalo mfumo mzuri unaweza kuleta, nalo linastahili kulipiwa: nidhamu ya kazi. Mtandao wenye taratibu zilizoandikwa za kumpokea mgonjwa, kujaza jalada, kuandika dawa na kuhakiki madai kabla hayajawasilishwa unaweza kuyateremsha makato kutoka asilimia 10 hadi 2, na katika mfano wetu hiyo ni Sh milioni 1.9 kwa mwezi, karibu nusu ya malipo yote ya mwenye jina. Ununuzi wa pamoja wa vitendanishi unaweza kuokoa zaidi. Nchi yetu imeshawahi kuonyesha kwamba alama moja na masharti mamoja yanaweza kuinua huduma bila mrabaha wa kigeni: maduka ya dawa muhimu (DLDM), yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 chini ya usimamizi wa mamlaka ya dawa ya wakati huo, yalichukua maduka madogo ya watu binafsi, yakayapa mafunzo, ukaguzi na jina moja linalotambulika, na leo mwananchi wa Kongwa au Manyoni anajua nini cha kutegemea akiona kibao cha DLDM. Kliniki tano au sita za Dodoma na Singida zikiungana kununua dawa, kuajiri mhakiki mmoja wa madai na kukubaliana viwango vya huduma, zinaweza kupata sehemu kubwa ya faida hizo kwa gharama ndogo, na natamani kuona jambo hilo likijaribiwa kabla fedha hazijaanza kutoka nchini.

Tanzania haina sheria mahususi ya franchaizi. Mikataba hii inaangukia kwenye Sheria ya Mikataba, sheria ya alama za biashara na za huduma ya mwaka 1986, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambazo hazimlazimishi mwenye jina kumwonyesha mkodi hesabu za matawi yake kabla ya kusaini. Afrika Kusini inamlazimisha kutoa waraka wa ufafanuzi siku 14 kabla, na inampa mkodi siku 10 za kazi za kujitoa baada ya kusaini. Marekani nayo inadai waraka utolewe siku 14 kabla, ukiwa na sehemu 23. Wizara inayosimamia biashara, kwa kushirikiana na Tume ya Ushindani, ingeweza kutunga kanuni ya namna hiyo, na ingeanza na huduma za afya, kwa sababu kliniki inayofilisika inaacha wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu katikati ya matibabu.

Wakati kanuni hiyo inasubiriwa, mwekezaji hana sababu ya kusaini gizani iwapo mwenye jina anafanya biashara Marekani, kwa kuwa nyaraka hizo tayari zimeandikwa na majimbo kama California, Wisconsin na Minnesota huziweka mtandaoni kwa yeyote kuzisoma. Sehemu ya 5 inaeleza ada ya kuingia, ya 6 malipo mengine yote, ya 7 makadirio ya uwekezaji pamoja na fedha ya miezi ya mwanzo, na ya 19 mapato ya matawi iwapo kampuni imekubali kuyataja. Mimi ningeanza na ya 20, inayoonyesha matawi yaliyofunguliwa, yaliyouzwa na yaliyofungwa katika miaka 3, na inayotaja jinsi ya kuwapata wakodi walioondoka mwaka wa karibuni. Hao ndio wa kuandikiwa kwanza, na wa kuulizwa mambo mawili: ilichukua miezi mingapi kabla kliniki haijaanza kujilipia mishahara yake yenyewe, na fedha ya kuziba miezi hiyo waliitoa wapi.